Dima na balbu za LED sebuleni kwangu, miezi saba baadae: hesabu ya luku na ukweli wote

Nimekaa na hizi taa miezi saba sasa, sikutaka kuandika wiki ya kwanza kwa sababu wiki ya kwanza kila kitu kipya ni kizuri. Naandika kwa ajili ya mtu ambae ana nyumba yenye dari la jipsam na zile taa za spoti (vitaa vidogo vinavyozamishwa kwenye dari), anaona luku, yani umeme wa kulipia kabla, inakimbia, na kuna mtu kamwambia "funga dima utaokoa umeme". Dima ni ile swichi ya kupandisha na kushusha mwanga. Mimi niliambiwa hivyo hivyo. Kuna ukweli ndani yake lakini sio ule niliodhania, na kabla ya kuupata nilipoteza hela kwenye duka moja ambalo sitalitaja.

Tupo Tabata, Dar es Salaam, nyumba ya kupanga, mwenye nyumba alijenga vizuri tu, sebuleni kaweka spoti nane kwenye dari, mbili mbili, zinapendeza mno usiku. Tulivyohamia sikujali ni balbu gani. Nilichoona ni kwamba elfu kumi ya luku, ambayo ilikuwa inatoa kama uniti 28 hivi, ilikuwa haifiki wiki. Tukaanza kulaumiana humu ndani, mara friji, mara pasi, mara dada wa kazi anaacha tivii inawaka. Hamna aliyeangalia juu.

Siku moja spoti moja ikaungua, nikapanda kwenye stuli kuitoa, nikaigusa ikiwa bado na moto na nikaunguza vidole viwili. Ndo nikaona kwenye jipsam kuzunguka ile taa kuna duara la rangi ya chai, dari limebabuka kwa joto. Pembeni ya balbu imeandikwa 230V 50W halogen, yani halojeni, balbu ya waya unaowaka kwa moto. Wati hamsini! Mara nane ni wati mia nne, na sisi tunawasha kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa tano usiku. Masaa matano mara wati 400 ni 2,000, na uniti moja ni 1,000, yani uniti mbili kila jioni. Kwaiyo ile elfu kumi yote inaweza kuliwa na taa za sebuleni peke yake ndani ya siku kumi na nne, kabla hujachomeka hata chaja ya simu.

Nilihakikisha kwenye mita maana sipendi kuamini hesabu ya kichwani. Mita yetu ipo ukutani nje, ina kataa kekundu kanakopepesa, na pembeni imeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake kakipepesa mara elfu moja uniti moja imekwenda. Nikachomoa friji, tivii, kila kitu, nikaacha spoti tu, nikasimama pale nje na simu nimewasha saa ya kuhesabu sekunde. Kila sekunde tisa kanapepesa. Saa moja ina sekunde 3,600, ukigawanya kwa 9 kanapepesa mara 400 kwa saa, na kila kakipepesa ni wati moja kwa saa, ndo zile wati mia nne zenyewe. Jaribu kwako, ni bure na inachukua dakika tano, ila soma kwanza namba ya mita yako kwa sababu nyingine zimeandikwa 1600 au namba nyingine, usije ukakokotoa kwa elfu moja yangu.

Sasa hapo ndo nikaenda Kariakoo. Duka la kwanza niliingia nikasema nataka balbu za spoti za LED pamoja na dima. Kaka wa pale hakuuliza swali hata moja. Kanipa balbu nane na swichi ya kuzungusha, nikalipa, nikaondoka na furaha zangu. Fundi umeme kaja jioni, kafunga, tukawasha. Zikiwa zimefunguliwa mpaka mwisho ziliwaka sawa tu. Kuzungusha kidogo kurudi nyuma, sebule nzima ikaanza kupepesa kama taa za ukumbi wa harusi, na kwenye ukuta ile swichi inalia ngiiiii, sauti nyembamba kama mbu akiwa karibu na sikio. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa pale, ametoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho kama mwezi mmoja kabla, akafunika uso na kanga akasema mwanangu zima hizo taa. Iliniuma sana, kwa sababu nusu ya sababu ya kutaka dima ilikuwa ni yeye, mwanga mkali ulikuwa unamtesa.

Fundi akashuka kwenye ngazi akachukua boksi la balbu akasoma, akachukua na boksi la swichi. Akaniambia, "Dada, hapa wamekuuzia vitu viwili na vyote sivyo. Hizi balbu hazikubali dima, na hii sio dima ya taa, hii ni regyuleta ya feni." Kweli, kwenye boksi kulikuwa na kapicha kadogo ka feni nyuma kabisa. Na kwenye balbu maandishi madogo sana, non-dimmable. Nilitaka kuziacha hivyo hivyo tuwe tunawasha mpaka mwisho tu, lakini ndani ya siku tisa, balbu mbili zilikufa. Nilirudi dukani wakaniambia kitu kikishafungwa hakirudishwi. Sawa.

Nieleze kidogo kwanini inakuwa hivyo maana fundi alinielewesha na mimi nikaenda kusoma zaidi, na ukishaelewa huwezi kuuziwa tena vitu visivyoendana. Umeme wetu ni wa hezi 50, yani wimbi linapanda na kushuka, na kila sekunde moja kuna nusu-wimbi mia moja. Dima ya kisasa haibani umeme kama bomba la maji. Inakata kipande cha kila nusu-wimbi, inazima na kuwasha mara mia kwa sekunde, haraka kiasi kwamba jicho linaona mwanga umepungua tu. Balbu ya zamani ya waya haina shida na hilo, waya ukishapata moto haupoi mara moja, kwaiyo mwanga unatulia. LED ndani yake ina kasakiti kanakobadilisha umeme, na kasakiti hako kama hakakutengenezwa kupokea wimbi lililokatwa kanachanganyikiwa, kanajaribu kuwaka, kanazima, kanawaka, ndo ule upepesi, na mwisho kanaungua.

Halafu kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalijui. Dima nyingi za zamani zilitengenezwa kwa ajili ya balbu kubwa, zimeandikwa labda wati 60 mpaka 400. Ina maana zikiona mzigo chini ya wati 60 hazifanyi kazi vizuri. Sasa wewe una spoti nane za LED za wati sita sita, jumla 48, upo chini ya kiwango cha chini! Hata balbu zako ziwe nzuri kiasi gani, dima yenyewe haizioni. Angalia kwenye dima iwe imeandikwa LED na wati zake zianzie chini, yangu imeandikwa wati 5 mpaka 150. Pia uliza kama inakata mwanzo wa wimbi au mwisho wa wimbi, zile za kukata mwisho ndo zinaelewana zaidi na LED na ndo hazilii.

Baba watoto alikuwa na hoja yake nyingine, akasema dima haiokoi kitu, umeme unaoupunguza kwenye taa unaishia kuwa joto ndani ya swichi. Nikasoma na hilo. Zamani ilikuwa kweli, zile dima za kwanza zilikuwa vipingamizi vikubwa, umeme unaopunguza unaugeuza joto, unachookoa ni kidogo sana ukilinganisha na kuwasha taa yote. Ila mwaka 1959 kuna Mmarekani anaitwa Joel Spira alitengeneza dima ya nyumbani isiyotegemea vipingamizi hivyo, inayoingia kwenye kiboksi cha kawaida cha swichi ukutani, na kampuni yake ya Lutron ikaanzishwa 1961. Na hizi za kisasa za kukata wimbi joto la kwenye swichi ni dogo sana. Yangu nikiigusa usiku ni ya uvuguvugu kidogo tu, na mita inathibitisha, nitafika huko.

Duka la pili nililipata kwa fundi, hapo hapo Kariakoo, kaduka kembamba, ukisimama na mtu mwingine mlangoni mmejaa. Kijana wa pale kwanza aliniuliza, "Mama, spoti zako zina transfoma juu ya dari au zinakula umeme moja kwa moja?" Sikujua. Akanionyesha miguu ya aina mbili, kuna yenye vijiti viwili vyembamba kama sindano, hiyo mara nyingi ni ya volti 12 na juu kuna transfoma, na kuna yenye miguu miwili minene yenye vichwa unayoingiza na kuzungusha, hiyo ni ya volti 230. Zangu ni za miguu minene. Akasema hapo rahisi, kama zingekuwa na transfoma ingebidi na transfoma yenyewe iendane na dima. Akaniuliza tena, "Unataka womu au nyeupe?" Womu ni ule mwanga wa njano njano. Nilitaka nyeupe kwa sababu ndo zimezoeleka, akanishauri kitu ambacho namshukuru mpaka leo. Akachomeka balbu mbili kwenye ubao wake wenye dima, moja nyeupe ya 6500 na moja womu ya 3000 (hizo namba ni kipimo cha rangi ya mwanga, kelvini), akazishusha zote. Ile nyeupe ikishuka inakuwa kama majivu, chumba kinapooza, ngozi ya mtu inaonekana kama anaumwa. Ile womu ikishuka inabaki kama mwanga wa taa ya kandili, inatulia. Balbu za halojeni zilikuwa zikishushwa zinakuwa nyekundu zaidi zenyewe, LED nyingi hazibadiliki rangi, rangi uliyonunua ndo utakayokaa nayo. Nikachukua za 3000.

Bei niliyolipa mimi, balbu moja 9,000, nane ni 72,000. Dima 32,000. Fundi nilimpa 15,000 ya kuja mara ya pili. Balbu za LED za kawaida zisizokubali dima zilikuwa hapo hapo kwa 4,000, kumbuka hiyo namba.

Tumefunga, tumewasha, kimya. Hamna sauti. Ukizungusha mwanga unashuka taratibu kama jua linavyozama, mpaka chini kabisa, na chini kabisa mwanzoni zilikuwa zinatetemeka kidogo. Fundi akafungua kifuniko cha dima, ndani kuna kaskrubu kadogo, akakazungusha kwa bisibisi ya testa kidogo tu, mtetemo ukaisha. Hako kaskrubu kanaweka kiwango cha chini ambacho taa zinaweza kushuka. Kama dima yako inatetemesha taa zikiwa chini, mwambie fundi aangalie kama kapo kabla hujairudisha, na azime meini swichi kwanza.

Nikarudi kwenye mita na simu yangu. Spoti zote nane zikiwa zimefunguliwa mpaka mwisho, kale kataa kanapepesa kila sekunde 75. Kutoka sekunde tisa mpaka sabini na tano! Nilirudia mara tatu. Nikashusha mpaka pale tunapokaa tukiangalia tivii, ikawa dakika tatu na sekunde ishirini, yani kama wati 18. Chini kabisa nilisubiri dakika saba na nusu, mbu wananiuma pale nje, ni kama wati 8. Kwaiyo baba watoto aliona kwa macho yake kwamba dima inaokoa.

Sasa hesabu yenyewe, na hapa naomba usome vizuri kwa sababu wauzaji wengi hawasemi. Uniti moja kwetu ukiweka na makato yake ilikuwa inafika kama shilingi 356 nilipohesabu. (Hesabu kwa uniti, usihesabu kwa hela uliyonunua, maana mara ya kwanza ya mwezi wanakata na kodi ya jengo, utachanganya mambo.) Zile halojeni zilikuwa zinakula uniti 60 kwa mwezi, shilingi elfu 21 na ushee. LED nane zikiwashwa zote mpaka mwisho masaa yale yale matano ni uniti 7.2, kama 2,560. Hapo tayari nimeokoa karibu elfu 19 kwa mwezi bila kugusa dima. Balbu zimejilipa kabla ya mwezi wa nne kuisha.

Dima sasa. Sisi tunawasha mpaka mwisho kama masaa mawili, watoto wakifanya homuweki, halafu tunashusha. Inakuja kama uniti 4.5 kwa mwezi. Tofauti na kutoshusha ni uniti 2.7, kama shilingi 960. Kwa mwezi mzima. Dima ya 32,000 kwa shilingi 960 inataka karibu miaka mitatu kujilipa, na ukiongeza ile elfu tano tano zaidi ya kila balbu, inataka miaka sita na kitu. Hiyo ndo hali halisi. Hita ya kuogea ya wati 3,500 mtu akikaa nayo dakika kumi tu ameshamaliza umeme ambao taa zangu za sebuleni zinatumia karibu jioni nne.

Kwaiyo kama shida yako ni luku tu na hela ni ya mawazo, nunua LED za kawaida za elfu nne, toa halojeni zote hata leo, dima achana nayo. Pesa ipo kwenye kubadilisha balbu. Dima inaongeza kidogo juu yake, na inaongeza zaidi kwenye taa zinazokesha. Niliifunga ya pili kwenye taa za barazani, zipo mbili za wati tisa tisa, zinawaka tangu jioni mpaka asubuhi. Saa nne usiku tunazishusha mpaka kama wati 5 zote mbili kwa pamoja, bado unamuona mtu akifika getini, na kwa mwezi inaokoa uniti kama tatu kwa balbu mbili tu, zaidi ya spoti nane za ndani. Jicho la binadamu linasaidia hapo, ukishusha mwanga mpaka robo ya uliokuwepo jicho linaona kama umebaki nusu, kwaiyo unapunguza umeme mwingi na giza hulioni sana.

Lakini mimi ningeinunua tena dima ya sebuleni kesho, na sababu sio hela. Nina mtoto mdogo bado ananyonya. Anaamka saa nane usiku kunyonya, zamani nikimpeleka sebuleni nikiwasha zile spoti anaamka kabisa, macho wazi, anacheza mpaka saa kumi. Saivi naacha dima ipo chini kabisa, nabonyeza tu, mwanga unatosha kuona uso wake na glasi yangu ya maji pale mezani, ananyonya macho yamefumba, namrudisha. Hiyo peke yake kwangu ni zaidi ya 960. Na sebule imepoa pia, zile halojeni za wati mia nne zilikuwa kama kuweka jiko la umeme juu ya dari, mwezi wa kwanza wa joto la Dar tulikuwa tunawasha feni kupambana na taa zetu wenyewe.

Kasoro zipo. Kuna jioni umeme unapungua nguvu mtaani, saa moja saa mbili hivi, na hapo taa zikiwa zimeshushwa sana zinacheza kidogo, nikizipandisha juu kidogo zinatulia. Jirani yangu alifunga kama zangu, ila yeye umeme ukikatika anahamia kwenye inveta ya bei nafuu, na kwenye inveta dima yake inalia na taa zinapepesa, kwa sababu zile inveta wimbi lao ni la ngazi ngazi sio laini kama la gridi. Kama unatumia sola au inveta uliza kwanza kama ni ya wimbi laini. Balbu moja kati ya nane ilikufa mwezi wa tano, nikairudisha na risiti, yule kijana akaibadilisha hapo hapo bila maneno. Hiyo ilinifanya niwe mteja wa kudumu. Na usichanganye balbu za kampuni mbili kwenye dima moja, nilijaribu kuziba pengo na ya kampuni nyingine kabla sijaenda dukani, yenyewe ilikuwa inazima mapema wakati zenzake bado zinawaka, ukizungusha unaona moja imekufa saba zipo.

Ukienda kununua, beba balbu yako ya zamani mkononi, soma mwenyewe kwenye boksi neno dimmable, na mwambie muuzaji aiwashe na aishushe mbele yako na dima ile ile unayoichukua. Akikataa, nenda duka linalofuata, Kariakoo hayaishi.

Mama mkwe ndo amekuwa mwenyewe wa ile swichi. Jioni akimaliza kuswali anatoka chumbani, anaenda ukutani, anaizungusha polepole huku anaangalia juu mpaka afike pale anapopataka, halafu anakaa. Hakuna anaeigusa baada yake mpaka muda wa kulala. Wiki iliyopita aliniuliza, "Na kule chumbani kwangu haiwezekani?" Nimeshanunua, dima moja na balbu tatu za womu, kwa kijana yule yule, fundi anakuja Jumamosi asubuhi.